Ulinitoa Kabla Sijarudisha Gadi

Baba,

Leo sitaanza na "mpendwa". Nimekasirika, na tangu tukuzike kule nyumbani Ziwa kila mtu ananiambia marehemu hakasirikiwi.

Unakumbuka Jumamosi ile ulikuja mjini kununua dawa ya ng'ombe, ukapitia Kapsoya kunisalimia? Jirani alikuelekeza kwenye ukumbi tunaofanyia mazoezi ya jiu-jitsu, ile mieleka ya kukabana chini. Ulifika mlangoni ukaona jambo moja tu: binti yako yuko chali, mwanamume amemlalia kifuani.

Yule alikuwa Otieno, mwenzangu wa mazoezi. Uliona aibu. Mimi nilikuwa kazini. Nilikuwa nimeshageuka ubavu, kiwiko kimemzuia shingoni, nyonga zimeanza kutoka chini yake. Ilibaki kupenyeza goti kati yetu na kumfungia miguu kiunoni, na hapo hangeweza tena kunikandamiza. Hiyo ndiyo tunaita kurudisha gadi. Ilinitesa miezi mingi, na siku hiyo ilikuwa inakubali.

Ukanivuta mkono, ukasema mbele ya wote, "Sikukulea ulale chini ya wanaume."

Otieno alijaribu kukueleza. Hukumjibu hata salamu.

Na ni wewe uliyenifundisha kutoogopa kitu kizito! Nikiwa mdogo, yule ng'ombe mweusi aliponibana kwenye ukuta wa zizi, hukukimbia kunitoa. Uliniambia nitulie, nipumue, nitafute nafasi. Nilipochomoka ulicheka, ukanibeba mabegani mpaka jikoni kwa mama. Mtu huyo alienda wapi?

Baada ya Kapsoya, nikipiga simu ulikuwa unampa mama. Krismasi nilikuja, ukashinda shambani mpaka nikaondoka. Ulipolazwa nilikaa kando ya kitanda chako, ukageukia ukuta. Ukafa hivyo.

Sasa nafundisha wasichana mchezo huohuo kule Yamumbi. Juzi baba wa mmoja wao alikuja, akasimama mlangoni na gambuti zenye matope. Binti yake alikuwa chini, amebanwa kabisa. Mimi nikakauka, nikingoja apige kelele. Mzee akavuta kiti, akaketi, akaangalia. Goti la msichana lilipoingia, akaniuliza polepole, "Sasa ametoka?"

Nikamwambia ametoka. Akapiga makofi peke yake.

Nilienda nje nikalia kwa hasira, Baba. Nilimwonea wivu mtoto wa watu. Ungengoja kidogo tu. Hata kule Kapsoya viti vilikuwepo.

Pumzika. Mimi bado sijamaliza kukukasirikia.

Kitinda mimba wako