Ukurasa Niliotakiwa Kuuruka

Jumamosi, 8 Machi
Zamu ya usafi hospitalini imeisha saa tatu asubuhi. Nimebadili nguo chooni, nikakimbilia darasa la watu wazima kwenye maktaba ya Lewisham, hapa London. Nimechelewa dakika tano. Tunasoma wanafalsafa wa Zama za Mwangaza, wale Wazungu wa zamani waliothubutu kusema hata mfalme na padri wapimwe kwa akili. Mwalimu Colin amegawa kazi. Kila mtu mwanafalsafa wake, dakika kumi mbele ya wenzake, Jumamosi ijayo. Mimi nimepewa Mjerumani. Kwa Kiingereza!

Jumatatu, 10 Machi
Nimemsoma ndani ya basi, kwenda na kurudi. Nampenda. Anasema mtu mzima asikubali wengine wafikiri kwa niaba yake. Nimewakumbuka wakubwa wetu kule Bukavu, Kongo, na maneno yao: nyamazeni, sisi ndio tunajua. Nimecheka peke yangu. Abiria wa kando amehama kiti.

Jumatano, 12 Machi
Nimeazima kitabu chake kingine. Heri nisingeazima. Humo ameandika kwamba watu weusi wamezaliwa duni kwa akili. Yaani hata baba yangu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini. Hata mimi. Nimesugua korido ya wodi kwa hasira hadi msimamizi akauliza kama naumwa. Nyumbani nimemweleza binti yangu Neema, naye amenijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: niombe mwanafalsafa mwingine.

Sitaki mwingine.

Alhamisi, 13 Machi
Mwalimu amepiga simu kuuliza maandalizi, nikamwambia nitausoma ukurasa ule. Anashauri niuruke, dakika kumi ni chache na wengine watajisikia vibaya. Ni mtu mwema. Nimemwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Siruki.

Jumamosi, 15 Machi
Nimesimama. Kiingereza kilinikwama mara mbili. Nilianza na mazuri yake, maana ni ya kweli, na watu wengi wamedai haki zao kwa fikra zile. Kisha nikasoma ule ukurasa, neno kwa neno. Mwalimu akatazama meza.

Peter, mwanasheria mstaafu, akasema, "Lakini Esperance, zama zile wote walifikiri hivyo."

"Si wote," nikamjibu. "Karne ile ile, hapa hapa London, walikuwako Waafrika waliotoka utumwani. Waliandika vitabu kudai uhuru wa wenzao, na vitabu vikasomwa. Huyu Mjerumani ananiambia nitumie akili yangu. Nimeitumia. Hapa yeye hakuitumia ya kwake."

Peter alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umesema kweli," akasema. "Nimewasoma wanafalsafa hawa tangu ujana wangu. Hilo sijawahi kujiuliza."

Mwalimu ameomba nakala ya maelezo yangu. Anataka kuyatumia kwa darasa la mwaka ujao, na jina langu juu. Nimerudi nyumbani kwa miguu, kifua mbele. Najivunia. Naandika tena: najivunia.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani, Peckham. Katibu amepitisha daftari jipya la waumini. Jina, simu, kazi. Kwenye kazi nimeandika: usafi, hospitalini. Nikakaa kidogo na kalamu. Nikaongeza: mwanafunzi wa falsafa.

Nikampa daftari Mama Furaha, tuliyeketi naye benchi moja. Tukasimama kuimba.