Hodi Mbele ya Handaki

Mpendwa dada,

"Njia ile ya reli ndiyo iliyomuua dada yako. Angekuwa nyumbani, leo tungekuwa naye." Mwenyekiti wa ushirika wetu aliyasema hayo Jumapili baada ya ibada, mbele ya watu wote, kikombe cha chai mkononi. Kisha akapendekeza matembezi ya Jumamosi ya kina mama, yale uliyoyaanzisha wewe, yafutwe. Vichwa vikatikiswa kukubali. Kina mama wakatazama vikombe vyao.

Unanijua. Nilisimama kabla hajaketi.

Nilimwambia kwamba nyumbani kwako Stechford, huku ughaibuni, ulikuwa unaishi peke yako. Ungeanguka jikoni, nani angejua? Kwenye njia ile ulishikwa mkono mpaka mwisho. Nilimwambia kilichokula moyo wako ni miaka ya zamu za usiku wodini, ukigeuza wagonjwa wa watu huku mgongo wako mwenyewe hauna wa kuukanda, na hakuna aliyewahi kusimama kanisani kupendekeza zamu za usiku zifutwe. Akanijibu kwa upole wake ule unaoniudhi: "Mama, punguza moto. Kutembea bila pa kwenda ni anasa ya Wazungu." Nikamuuliza yeye anapokimbia juu ya mashine ya mazoezi kila jioni huwa anaelekea wapi. Watu wakacheka, hata mkewe. Uamuzi ukaahirishwa hadi Jumapili ijayo.

Nilishinda mabishano, dada. Halafu nikaenda chooni, nikajifungia.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponipeleka? Nilitazama changarawe ile imenyooka katikati ya mashamba, reli zimeng'olewa zamani, miiba imemeza jukwaa la stesheni, nikakwambia, "Kama treni yenyewe imeona hapa hakuna cha kufuata, sisi tunafuata nini?" Ukasema, "Usingizi." Ndiyo ilikuwa dawa yako. Mtu aliyekesha wodini, ulisema, hawezi kulala mchana mpaka miguu imwombe.

Na thabai! Ulivaa glavu za kuoshea vyombo, ukavuna majani yale yanayowasha kwenye tuta la reli, ya kupondea mukimo wa viazi na mahindi kama alivyopika mama. Mzee mmoja mwenye mbwa akasimama, akauliza kwa adabu kama tumepoteza kitu. Ukamjibu, "La, tunanunua mboga." Akavua kofia, akaenda zake akigeuka nyuma. "Leo jioni," ukaninong'oneza, "atawaambia wenzake bei zimepanda."

Wewe ulimsalimu kila mtu, hata waliotutazama kama matope yaliyoletwa na viatu. Mimi nilihesabiwa kuwa jasiri kwa sababu ya makala zangu na ugomvi wangu na kila mwenye cheo. Ukweli uliujua wewe peke yako. Pale reli ilipokatwa ndani ya kilima, kuta za mawe zinapopanda pande zote, nyumba haionekani na hakuna pa kuchepukia, nilikuwa nasikia nyayo zisizokuwepo. Mwanamume akija kutoka mbele, nilianza kumpima tangu mbali. Ulinishika kiwiko ukasema, "Wewe unaogopa kwa kusoma sana."

Kisha lile handaki la reli chini ya kilima. Lina kona katikati, kwa hiyo ukiwa mlangoni huoni mwanga wa upande wa pili, ni weusi tu, na maji yanayodondoka. Siku ya kwanza nilikataa kabisa. Hukunibembeleza. Ulipita peke yako, ukafika ng'ambo, ukapaza sauti, "Piga hodi basi, au kwenu hamkufunzwa?" Nikaona aibu. Nikaita hodi. Sauti yako ikaja imenenepa kwa mwangwi: "Karibu! Pita ndani, chai iko mezani." Nikaifuata ile chai isiyokuwepo mpaka kwenye jua. Tangu hapo ikawa desturi, wewe unatangulia, mimi napiga hodi, wewe unaitikia. Walipokuja kina mama wengine, uliwaitikia wote, mmoja mmoja, kama mwenye nyumba.

Hata siku ile ya mwisho uliitikia. Nilipotoka ng'ambo ulikuwa umekaa ukingoni mwa jukwaa la zamani la stesheni, mkono kifuani. "Ngoja nipumzike kidogo," ulisema. Gari la wagonjwa liliishia kwenye lango la kuingilia njia, wahudumu wakaja kwa miguu kupitia gizani. Tayari nilikuwa nimeshika mkono usionishika.

Jana nilikwenda peke yangu. Nilitaka Jumapili niseme: nimepita, niko hai, haya, futeni. Nilifika mlangoni pa handaki, nikaita hodi. Maji yakadondoka. Nikaita tena, moyo wangu ukaruka pigo. Huu ni moyo uliomwangusha mama, ukakuangusha wewe, na sasa umebaki na mimi. Nikaita mara ya tatu. Tulifunzwa nyumbani kwamba mstaarabu akipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa, huondoka. Nikaondoka. Nilikaribia kukimbia, dada, mtu mzima, kwenye changarawe.

Jioni nilimpigia simu Mama Furaha, yule wa Bukavu uliyemwalika mwenyewe. Nikamuuliza mbona Jumapili alinyamaza.

"Niliogopa mwenyekiti."

"Mwenyekiti kuliko handaki?"

"Handaki haina maneno mingi," akasema. Tulicheka. Kisha akashusha sauti. "Kule kwetu, njia ya pori tuliipita tukikimbia. Giza ilikuwa na watu ndani. Ile siku dada yako aliniitikia, nililia. Hakuna mutu alinambiaka karibu mbele ya giza."

Usiku kucha sikulala. Naogopa handaki. Naogopa kifua changu. Na kubwa kuliko yote, naogopa kwamba mwenyekiti amesema kweli, kwamba ungekuwa karibu na barabara ungepona. Sijui. Yeye pia hajui, ila yeye hakosi usingizi kwa kutojua. Ninachojua ni kwamba matembezi yakifutwa, sauti yako ya mwisho itabaki mle ndani, na hakuna atakayepita kuichukua.

Kwaheri ya leo, dada. Pumzika, miguu yako imeomba vya kutosha. Sasa niruhusu nikupe mgongo kidogo, niseme na wale nitakaowapa barua yako waisome.

Ninyi kina mama wa ushirika, mlioitikiwa na dada yangu mkapita, kisha Jumapili mkatazama vikombe vyenu: Jumapili ijayo simameni mmwambie mwenyekiti hapana, kwa sauti, bila kunisubiri mimi. Na Jumamosi inayofuata nikuteni stesheni ya treni ya Stechford asubuhi. Sihitaji mlinzi wala maombi ya kwenye simu. Nataka mmoja wenu atangulie ndani ya handaki akiwa anaogopa vilevile, afike ng'ambo, asimame. Nitapiga hodi. Niitikieni.

Mdogo wako