Msitu Haupandwi kwa Kamba

Jumapili, jioni. Mvua inanyesha tangu tutoke kanisani, na huku kwetu nje ya Kesses njia yote ni matope. Roho yangu nayo imechafuka vivyo hivyo.

Nina shida na Mzee Barno.

Ni jirani yetu wa kule chini, mtoni. Maisha yake yote ni mtu wa bluugamu, ile miti ya kukua haraka na kumaliza maji. Kikundi chetu kilipoanza kupanda miti ya kienyeji kando ya mto ili maji yarudi, alitucheka. Mutamaiyo? Podo? Hiyo ni miti ya wajukuu wa wajukuu, akasema, akaenda zake. Halafu mwezi huu, ghafla bin vuu, Mzee ni mwanachama. Anafika kabla ya watu wote, gambuti miguuni, na miche amebeba mwenyewe. Mama Chela, mwenyekiti wetu, nusura alie kwa furaha.

Mimi sikulia. Mtu habadiliki hivyo bure.

Jana tulipanda pale shamba letu linapokutana na lake. Fensi ya zamani ililiwa na mchwa ikaanguka, na hatukuirudisha, maana tulikuwa tunaaminiana. Sisi wengine tulitawanya miche huku na huku vile tulifundishwa. Mzee Barno akatoa kamba mfukoni. Jameni, kamba! Akaivuta kutoka kwenye jiwe kubwa hadi mtoni, akapanda mitamaiyo yake kwa mstari ulionyooka kama wa mahindi.

Nikamuuliza, Mzee, tangu lini msitu ukapandwa kwa kamba?

"Mama, macho yangu yamezeeka," akacheka. "Bila kamba naenda kombo."

Lakini fensi haikupita hapo! Ilipita ng'ambo ya mfereji, karibu na kwake. Kamba yake imeingia kwetu, na chemchemi ninayochotea maji ya ng'ombe na ya miche sasa iko upande wake.

Na huku kwetu kila mtu anajua, wazee wakija kuamua mpaka, swali la kwanza ni nani alipanda mti. Bluugamu hukatwa ikasahaulika. Mutamaiyo utatuzika sote.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba siwezi kuing'oa mitamaiyo yake. Sheria ya kikundi inasema mti wa kienyeji ukishaingia udongoni haung'olewi na yeyote. Sheria hiyo niliileta mimi, kwa mdomo wangu huu. Siku tulipowasomea wanachama wapya, Mzee Barno ndiye alipiga makofi kushinda wote.

Bwanangu anasema nashuku hata mvua. Labda. Labda mzee haoni vizuri kweli. Lakini mbona macho hayo mabovu yaliruka chemchemi bila kuikanyaga, yakaiacha upande wake?

Nimelala na hasira, nimeamka nayo, nimeenda nayo mpaka kanisani. Sasa nimeamua. Kesho asubuhi naenda kwa Mama Chela kuomba kikundi kirudi pale, na miche yote iliyo nyuma ya jikoni yangu nitaitoa. Tutapanda bila kamba, kwangu na kwake, mbele na nyuma ya mitamaiyo yake, mpaka ng'ambo ya mfereji. Hawezi kukataa, si siku hizi anapenda msitu?

Sitang'oa hata mche mmoja. Wajukuu wake watautafuta huo mstari humo ndani mpaka wachoke.