Waifai ya Kwa Bi Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi

Fundi wa intaneti amekuja asubuhi kabla sijapiga mswaki. Kang'oa ruta ya zamani, kaweka mpya — nyeupe, imesimama wima kama kipande cha sabuni. Nilipouliza habari ya jina la waifai akasema utabadilisha mwenyewe kwenye programu ya simu, dada, ni rahisi tu. Kasainisha, kaondoka.

Sasa waifai ya nyumbani ina jina la kiwandani. Herufi na tarakimu, kama namba ya gari la serikali. Ile ya zamani iliitwa Kwa Bi Mkubwa. Kaka ndiye aliyeipa jina hilo, Mama akiwa hai na akitutia adabu kila tulipochelewa mezani. Bi Mkubwa — sote tulimwita hivyo, hata Baba. Mwaka wa pili huu tangu afariki. Jina likabaki hewani. Nikifika tu getini simu inalidaka.

Nesi ameuliza achague jina lipi kwenye simu yake. Nesi ni mke wa Baba, walioana mwaka jana. Alikuwa nesi wa zahanati mpaka alipostaafu, na Baba anamwita hivyo hivyo. Nikamwambia usiguse kitu, mama, nitarudisha lile lile la zamani. Akasema sawa.

Nina kikao kizima cha bodi cha kunukuu kabla ya kesho. Ndiyo kazi yangu: watu wanagombana kwenye mikutano, mimi nasikiliza rekodi na kuandika kila neno. Leo rekodi imegoma kushuka. Rahisi tu, dada.

Jumanne, 4 Machi

Rahisi, kasema.

Programu inataka namba ya simu ya mwenye akaunti. Mwenye akaunti ni Baba. Wanamtumia tarakimu za siri kwa ujumbe, na muda wake unaisha kabla Baba hajaona miwani yake iko wapi. Mara ya kwanza kanisomea namba ya tangazo la magodoro. Mara ya pili kasoma sawasawa, ila polepole, kama anamwelekeza mwanafunzi kurudi nyuma kwa gari. Alifundisha udereva maisha yake yote na hadi leo haharakishwi na mtu. Muda ukaisha. Mara ya tatu akauliza, kwani lazima? Si liachwe hilo la kiwandani?

Nikamweleza. Baba, kompyuta yangu, televisheni, simu zetu zote zinalijua jina la zamani. Nikirudisha jina na nywila ile ile, zitaingia zenyewe. Akanitazama kidogo. Haya, akasema.

Likakubali! Televisheni ikaamka, kompyuta ikaamka. Nikapiga picha nikaituma kwenye kundi la familia. Kaka yuko ng'ambo, ambako mtandao haukatiki hata siku moja, basi akajibu hapo hapo: mioyo mitatu na maneno, Bi Mkubwa hang'oki hapo.

Nesi naye yumo kwenye kundi hilo. Nadhani Kaka alisahau. Au hakusahau.

Nesi aliangalia simu yake, akaiweka kifudifudi mezani, akaendelea kumenya viazi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka, jina halipo. La kiwandani limerudi. Na nywila yangu haikubali.

Nikapiga huduma kwa wateja. Muziki. Kisha sauti ya kunishukuru kwa uvumilivu ambao sina. Muziki tena. Hatimaye msichana mmoja, sauti tamu, akauliza umejaribu kuizima na kuiwasha, mpenzi? Mpenzi! Nikamwambia nimeizima, nimeiwasha, nimeipigia magoti. Akaangalia kwake. Akasema ruta hii imerudishwa kwenye hali ya kiwandani, na haifanyi hivyo yenyewe. Nyuma kuna kitundu. Mtu kachomeka kitu chembamba na kukibana kwa muda.

Nikauliza, mtu gani?

Akasema hilo, mpenzi, sisi huku hatulioni.

Nyumba hii ina watu watatu. Mimi najijua. Baba hata kuongeza sauti ya redio huniita mimi. Na Nesi ana kopo lake la sindano za kushonea, linakaa rafu moja na ruta.

Sitaki kufikiria hivyo. Lakini nafikiria hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelirudisha jina tena. Tena tarakimu, tena miwani, tena Baba na kurudi nyuma kwa gari. Nikatoka kwenda dukani kununua wino wa printa. Nimerudi — hakuna! Herufi na tarakimu.

Faili la bodi lilikuwa katikati ya kupanda mtandaoni. Likakatika. Mteja ameandika kwa adabu ile inayouma kuliko matusi, kwamba kama nyumbani kwangu hakuna utulivu wanaweza kutafuta mtu mwingine.

Nyumbani kwangu. Ningecheka. Nilikuja hapa kumuuguza Mama, nikaacha nyumba ya kupanga, nikauza kitanda changu. Mama akaenda, mimi nikabaki. Kisha akaja mke. Sijui siku hizi mimi ni nani humu ndani, ila meza ya kazi ni yangu na waifai nilidhani ni yangu.

Kaka kapiga simu. Nikamweleza, na ningejua nisingemweleza. Akasema jiulize tu, mgeni hapo ni nani. Kisha akasema kwamba jina lile ndilo kitu pekee cha Mama kilichobaki nyumbani bila kuhamishwa. Kabati limehamishwa, mapazia yamebadilishwa. Ni kweli mapazia yamebadilishwa. Yalikuwa yameoza kwa jua, lakini sikumwambia hilo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesema.

Alikuwa jikoni anaosha vyombo. Sikupandisha sauti. Nilisema, mama, kama lile jina linakukera ungeniambia, kuliko ruta kutobolewatobolewa na mimi kupoteza kazi.

Akafunga bomba. Akakausha mikono, kidole kimoja kimoja, kama walivyofundishwa zahanati. Akaniuliza, unasema mimi?

Nikasema sisi tuko watatu tu.

"Mwanangu, mimi hicho kisanduku hata upande wake wa mbele siujui." Halafu: "Jina la mama yenu simu yangu imelibeba tangu siku niliyoingia humu. Kila nikimpigia dada yangu naliona pale juu. Bi Mkubwa. Na mimi ni nani basi, bi mdogo? Nilijiuliza mara moja, nikajijibu mwenyewe, nikanyamaza. Ningetaka kusema ningesema kwa mdomo."

Akaingia chumbani. Mlango hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Baba alikuwa sebuleni na redio. Redio ilikuwa inasoma habari. Hakugeuza hata shingo.

Jumamosi, 8 Machi

Nesi hakuja mezani. Baba kala nusu. Sina waifai, na ruta sitaki hata kuigusa. Nimenunua bando nikatuma faili kwa simu, kipande kipande.

Jumapili, 9 Machi

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Asubuhi nilirudisha jina. Nilisema nitafanya mara moja tu, kisha nitakaa hapo hapo nione. Nikakaa. Hakuna aliyekuja. Mchana nikatoka kuanua nguo, nikarudi haraka kwa sababu kulikuwa na manyunyu. Baba ameipakata ruta mapajani. Kibanio cha karatasi amekinyoosha, ncha iko ndani ya kitundu, na midomo yake inahesabu.

Hakukiondoa. Alimaliza kwanza kuhesabu.

Nikauliza, Baba, ulifundishwa na nani? Akasema fundi. Siku ile ile, alipokuwa anaifunga. Alimuuliza mtu akitaka kufuta kila kitu anafanyaje.

Nguo zilikuwa bado mkononi. Nikaziweka chini. Akasema kaa. Akanionyesha simu yake kama vile bado ujumbe uko pale.

"Nikitoka hadi getini inaniandikia muunganisho na Kwa Bi Mkubwa umepotea. Nikirudi inaniandikia umeunganishwa. Kila siku. Natoka kununua gazeti nampoteza, narudi nampata. Mimi nilimzika, mwanangu. Nilishika kamba ya jeneza. Hiki kitu hakikuja kaburini."

Nikasema ungeniambia.

"Ningekuambia nini? Wewe na kaka yako mngesema mzee kaoa, kamsahau mama yetu."

Ni kweli tungesema. Kaka angeanza, mimi ningemalizia.

Halafu nikakumbuka jikoni, na hasira ikanipanda hadi masikioni. Nikamwambia, Ijumaa ulikuwa hapa. Ulinisikia namtuhumu mkeo, na ukanyamaza. Akasema nilisikia. Akazungusha kile kibanio vidoleni. Akasema nilikuwa natafuta pa kuingilia, na mlipofika mwisho nikawa nimechelewa.

Mwambie basi, nikasema. Leo.

Nitamwambia.

Mpaka giza limeingia hajamwambia. Amekwenda kulainisha bawaba za geti ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika hapa mezani, mambo bado yanaendelea.

Nesi alitoka chumbani asubuhi na mkoba, ule mkubwa wa zipu. Kavaa viatu vya kutokea. Akasema anakwenda kwa dada yake kupumzika kidogo. Nikauliza kidogo ni siku ngapi, akasema hajajua. Bando lake limeisha, anataka kuita gari. Akaniomba nywila.

Ningeweza kumpa pale pale. Imebandikwa chini ya ruta. Badala yake nikasema ngoja kwanza niweke jina.

"Jina gani?"

Nikasema hilo ndilo sijui.

Akaketi ukingoni mwa kiti, mkoba miguuni. Basi nikamwambia. Kwamba si yeye, nimejua si yeye, nimekosea, anisamehe. Nilidhani maneno yatakuja mengi zaidi lakini ndiyo hayo. Akauliza kwa upole kabisa, ni nani sasa? Sikumtaja. Nilitazama dirishani tu. Nje, Baba alikuwa ameinamia geti na kopo la mafuta, mgongo wote kwetu.

"Alaa," akasema. Akatazama na yeye. "Kumbe."

Akausogeza mkoba kwa mguu. Kisha: "Na siku zote hizi amelala pembeni yangu."

Nikamwambia sababu aliyonipa Baba, habari ya geti na gazeti na kupotea. Sijui kama ilikuwa haki yangu kuisema. Alisikiliza kama nesi, bila kukatiza, kichwa kimeinama upande. Akasema angeniambia mimi mkewe, ningemshika mkono tukalia wote yakaisha. Mume wangu wa kwanza naye nilimzika, huyu analijua hilo.

Akatoka hadi mlangoni, akamwita kwa jina lake kamili. Baba kaja anafuta mikono kwenye suruali. Wameingia chumbani, wamefunga mlango.

Nasikia sauti ya Nesi. Fupi. Kisha ya Baba, ndefu, inasimama, inaanza tena. Kazi yangu ni kunukuu sauti za watu na hii sitaki kuisikia, nimevaa hedifoni bila kuweka kitu.

Kwenye simu sehemu ya jina iko wazi, kishale kinapepesa. Nimeandika Nyumbani, nikafuta. Nimeandika jina la ukoo, nikafuta — Nesi hatumii jina letu. Kaka ameuliza kwenye kundi: vipi, Bi Mkubwa karudi? Sijamjibu. Alama inaonyesha Nesi naye ameusoma ujumbe, kumbe bando lake halijaisha kabisa.

Mlango umefunguliwa. Baba katoka peke yake, macho mekundu. Kauangalia mkoba pale sebuleni. Kaunyanyua kwa mikono miwili, ni mzito. Hajaupeleka nje wala hajaurudisha chumbani. Amesimama nao katikati ya sebule, ananitazama mimi kana kwamba mimi ndiye ninayejua pa kuupeleka.