Waziri Alipotuletea Nguruwe

Hatu-Lesu,
Milima ya Ainaro,
Timor Mashariki.
14 Novemba

Mpendwa dada yangu Odete,

Salamu nyingi sana kutoka huku kwetu kwenye ukungu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wale wasichana mnaokaa nao nyumba moja. Vidole vyako vilivyokuwa vinakufa ganzi kwa baridi ya kiwanda cha kuku vimepona? Mwambie msimamizi wako akupe glovu za kuvaa mbili mbili, usione haya. Kuku waliokwisha kufa hawatakimbia wakati unavaa.

Sisi hatujambo. Marciana ameota meno na sasa anamwita kila mwenye ndevu baba, jambo ambalo halimfurahishi Anselmo, baba yake mwenyewe, hata kidogo. Mimi tumbo limekuwa kubwa, natembea kama bata. Mkunga anasema mtoto atakuja karibu na Noeli.

Barua hii anakuletea Gaspar, yule mtoto wa katekista, anayerudi huko wiki hii. Simu yangu ilitumbukia mtoni nikifua. Na hata isingetumbukia, haya ninayotaka kukuambia ni marefu mno kwa simu.

Siku ya Marehemu tulikwenda kaburini kwa baba yako. Nilipanga maua ya njano na mekundu, nikawasha mishumaa miwili, mmoja kwa niaba yako. Mama yako, ambaye kwangu ni mama mkubwa, alikuwepo. Alifika asubuhi kutoka Dili na vile viatu vyake vya bungeni, akakwangua matope kwa kijiti, akapiga magoti. Hakuuliza kama umetuma salamu. Nilimwona tu jinsi alivyokuwa akiitazama simu yake.

Dada, usinikasirikie. Gaspar alituambia kwamba ulipoiona ile video ya bungeni ulilia, ukasema mama anajidhalilisha kwa watu wasiomheshimu, na kwamba hutampigia mpaka atoke kwenye hiyo serikali. Basi acha mimi niliyekuwepo nikusimulie, maana video haikuonyesha yote.

Wewe uliondoka kabla serikali hii haijaundwa. Hakuna chama kilichopata viti vya kutosha. Chama kikubwa kikaungana na chama cha kati, bado wakapungukiwa, ndipo wakaja kwa mama yako na wabunge wake wawili. Ni watatu tu, lakini bila wao hakuna serikali. Tangu hapo vyama hivyo vinaishi kama mawifi kwenye jiko moja. Leo huyu kanuna, kesho yule kasusa. Bajeti ikakwama. Na bajeti ikikwama, kila mwezi serikali inaruhusiwa kutumia kipande kimoja tu cha bajeti ya mwaka jana iliyokatwa vipande kumi na viwili. Kipande hicho kinalipa mishahara, basi. Hakiezeki nyumba.

Na paa ndilo lililokuwa linaninyima usingizi. Chumba chetu cha uzazi kuta zake zilisimama tangu kiangazi, mlango upo, kitanda cha kuzalia kimefunikwa turubai, lakini ukiangalia juu unaona mbingu. Mvua ikishika, mto unatukatia njia ya kwenda hospitali, hilo unalijua. Marciana nilimzaa ndani ya lori, juu ya magunia ya kahawa, upande wa huku wa mto, dereva kageuza uso analia kuliko mimi. Namshukuru Mungu tulipona wote wawili. Mke wa Tomé, mwaka huohuo, hakupona. Kwa hiyo watu wa mjini walipokuwa wanasema bajeti, mimi nilikuwa nasikia paa.

Sasa siku ile ya video. Tulikuwa kwenye kibanda cha Libório tunatazama televisheni. Mama yako kasimama anauliza fedha za vyumba vya uzazi vya milimani ziko wapi. Waziri Belarmino wa chama kikubwa akajibu huku anacheka, "Mheshimiwa asitupigie kelele. Chama chake kizima kinaenea kwenye pikipiki moja." Bunge likaangua kicheko. Hata pale kibandani walicheka wachache, kisha wakakumbuka wako kijiji cha nani.

Video yako inaishia hapo, sivyo? Haikuonyesha mama yako akingoja kicheko kiishe, ametulia kama anayengoja maji yachemke, halafu akasema, "Ni kweli, Mheshimiwa Waziri, tunaenea. Lakini ufunguo wa pikipiki ninao mimi, na wewe ndiye umepakiwa nyuma."

We acha tu! Libório alirusha kofia yake mpaka ikanasa kwenye dari.

Utani uliisha, hasira ikabaki. Wale wabunge wake wawili walitaka kujitoa serikalini. Wapinzani nao wakamfuata nyumbani kwake Dili, wakamwahidi uwaziri na gari jeupe kama atasaidia kuiangusha serikali. Huku kijijini Libório ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. "Atoke! Tumetukanwa ukoo mzima!" Na mke wake, Sesaltina, ana tumbo kubwa kuliko langu! Nilimwambia, "Kaka Libório, akitoka ni uchaguzi upya. Mkeo atamwambia mtoto angoje matokeo?" Akanijibu mambo ya ukoo si ya wanawake wenye mimba.

Mama yako hakutoka, na uwaziri hakuutaka. Alipeleka neno moja tu: Belarmino amenitukana mbele ya taifa, aje aombe radhi kwenye mkeka wa kwetu wa upatanisho, ndipo tuzungumze bajeti.

Na waziri akakubali. Kusema kweli hilo lilinishangaza. Alikuja Jumamosi bila ving'ora, amekaa mbele kwenye pikapu ya serikali. Bwana huyu alikulia Ureno, wazazi wake walikimbilia huko wakati wa vita, amerudi akiwa mtu mzima. Sisi tumeshatandika mkeka mkubwa mbele ya nyumba ya ukoo, tambuu na popoo za kutafuna ziko kwenye kikapu, watu wamejaa. Mara tunasikia nyuma ya gari nguruwe analia.

Dada, nguruwe! Na katibu wake anamfuata nyuma amebeba vitambaa vya tais, vile vya kufumwa kwa mkono, vilivyokunjwa vizuri.

Watu waliganda. Anayekuja kuomba huja kama mkwe, na mbuzi wake au nyati wake. Nguruwe na vitambaa ni vya wajomba, wale waliotuoza binti zao, wakubwa wetu. Yaani mtu katutukana, halafu kaja kuomba radhi kwa kututangazia kwamba yeye ndiye mkubwa wetu. Maskini, nadhani mtu alimwambia nguruwe ana nyama zaidi.

Libório akaruka. "Mrudisheni Dili huyo mnyama! Mkale wenyewe na kicheko chenu!" Vijana wakaanza kuukunja mkeka kutoka upande mmoja. Babu Mau-Kuru, msemaji wetu wa mila, akajishika kichwa. Waziri kasimama, mkono aliounyoosha kwa salamu bado uko hewani, anatazama huku na huku, hajui amekosea wapi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi. Niliuona mkeka unakunjwa, nikaliona paa linakwenda nao.

Mama yako akatembea mpaka kwenye ile ncha iliyokunjwa, akaikalia. Unaujua uzito wake. Hakuna kijana aliyethubutu kuvuta tena.

"Umetuletea nguruwe," akamwambia waziri.

"Ndiyo, mama. Kwani... ni mdogo?"

Watu wakashindwa kujizuia, wakacheka.

"Si mdogo. Ni mkubwa mno. Umekuja kwetu kama mjomba wetu. Aliyekushauri simjui, lakini mnyama ameshashuka na watu wameshamwona." Akamgeukia Libório, "Kaa chini, baba, mishipa ya shingo itakukatika. Huyu kajiita mjomba. Sawa. Mjomba ana ukubwa, na mjomba ana kazi. Mtoto wa binti yake akizaliwa, nani anamwekea mkono kichwani? Binti akifa kwa uchungu, nani anakuja kuuliza kwa nini?"

Kisha akaninyooshea kidole mimi pale ngazini, na Sesaltina mlangoni. "Binti zako hao wawili, Mheshimiwa. Matumbo yao unayaona. Chumba chao hakina paa. Sasa kaa, mjomba, uwaambie watazalia wapi."

Babu Mau-Kuru akaanza kucheka taratibu, mabega yanatikisika. Akachukua tambuu ya kwanza kwenye kikapu akampa waziri, kama anavyopewa mkubwa.

Nawe unajua mkeka ukishakaliwa haukunjwi mpaka kila mtu awe amesema lake. Waziri alikaa pale mpaka kuku wanaingia bandani, amekunja miguu isiyozoea kukunjwa, mdomo mwekundu, anakohoa chokaa ya tambuu. Libório alimsema mpaka sauti ikamkauka. Tomé alisema maneno machache tu kuhusu mke wake, na waziri akainamisha kichwa. Mwisho akasema, bila kusoma popote, kwamba aliwacheka watu asiowajua na anaomba radhi. Akasema kama yeye ni mjomba, basi ni mjomba. Alipotaka kusimama akaanguka, miguu imekufa ganzi. Aliyemdaka ni Libório. "Pole, mjomba," akamwambia, na nusu ilikuwa kejeli, nusu haikuwa.

Wiki iliyofuata bunge likaipigia kura bajeti. Mmoja wa wale wabunge wawili wa mama yako, Salustiano, alisema mkeka wa Hatu-Lesu haumhusu, akaenda na wapinzani. Chama cha kati nacho kilijivutavuta mpaka dakika ya mwisho, kinadai hiki na kile. Tulikuwa tunasikiliza redio, nimemkumbatia Marciana mpaka akalia kwa kubanwa. Ikapita kwa kura moja. Moja, dada! Kila aliyenyoosha mkono angeweza kusema ni yake. Mimi nasema ni ya mama yako.

Sisemi yeye ni malaika. Shamba lenu la kahawa limemezwa na magugu, na siku ile ya waziri alinifokea mbele za watu kwa sababu nilimpa mgeni kahawa iliyopoa. Wala sijui kama serikali hii itafika Pasaka. Redio inasema chama cha kati kimenuna tena, safari hii ni habari za bandari.

Lakini nimewaza sana nikiwa jikoni. Mwaka ule nyumba zilipochomwa, mimi na wewe tulikimbizwa porini mgongoni mwa mama zetu. Watu hawakuelewana, wakawasha moto. Hawa wa sasa hawapendani pia, mimi naona, lakini wananuna, wanasusa, wanatukanana, halafu asubuhi wanaingia tena chumba kimoja na kuhesabiana mikono. Wengine huwacheka. Mimi niliyesoma kidogo naona ni kitu kikubwa, na mama yako ni mmoja wa wanaokishikilia kisianguke.

Mabati yalikuja. Mafundi walipigilia misumari wakishindana na mawingu. Mvua kubwa ya kwanza ilishuka kesho yake baada ya kutoka makaburini, mto ukafurika kabla ya saa sita mchana, na hapohapo Sesaltina akashikwa na uchungu. Mama yako alikuwa hajaweza kuvuka kurudi Dili, akavua viatu akaingia kumsaidia mkunga. Mimi nilibaki barazani na Libório. Mvua ilipiga bati mpaka hatusikilizani. Alikuwa anazunguka tu, "Mbona halii? Zelinda, mbona halii?"

Halafu tukamsikia.

Ni binti. Alikuja kitovu kimemzunguka shingoni. Mkunga anasema ndani ya lori asingepona, na mama yake pengine naye.

Mama yako akatoka, mikono ya blauzi imepandishwa mpaka kwenye viwiko, nywele zimefumuka. Libório hakuweza kumtazama usoni. Akasema akiwa ameangalia matope, "Shangazi, na hiyo serikali yenu ikianguka kesho?"

"Ikianguka tutaisimamisha. Wewe nenda kamchemshie mkeo supu."

Akaenda mbio kwenye mvua, hana hata kofia.

Sasa siogopi tena Noeli, dada. Nimeshachagua upande wa kitanda nitakaolazia kichwa, unatazama dirisha.

Nikuombe jambo moja tu. Mpigie mama yako. Alivuka mto jana kwenda kuwapatanisha tena hao wa bandari. Usimuulize habari za vyama wala za ile video. Muulize tu mtoto wa Sesaltina alizaliwa na uzito gani. Atakusimulia mpaka asahau kukata simu.

Wanakusalimu sana Anselmo, mama yangu Joaninha, Babu Mau-Kuru, na Tomé. Sesaltina anakusalimu pamoja na binti yake, ambaye jina bado wanagombania. Marciana amekuwekea busu hapa chini, ndiyo hilo doa la mafuta. Mama Bikira akufunike kwa shela yake kwenye baridi hiyo, akulinde njiani na kazini, akurudishe kwetu ukiwa na vidole vyako vyote.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye wala sichoki,

Zelinda