Namba Sita Nilizompa Mwizi kwa Jina Lako

Yaya Kahindo, dada yangu mkubwa,

Ninakuandikia kwenye karatasi, kwani telefone sasa ninaiogopa. Baada ya kukuzika Butembo nilirudi Beni peke yangu. Watu wameacha kuniuliza habari zako. Wanadhani nimezoea.

Unakumbuka siku ya kwanza tulipotundika michoro yako sokoni? Ulimchora kuku mwenye telefone, anamtajia mbweha code yake, ile namba ya siri, na mbweha analamba midomo. Mimi niliandika maneno. Wamama wauza sombe, yale majani ya muhogo, walicheka mpaka wakasahau wateja. Ukapanda juu ya kasha ukawaambia: "Code yako usipatie mutu. Hata padri, hapana!" Kisha ukanigeukia: "Na wewe mudogo wangu, hata mimi nikikuomba, unikatalie."

Yaya, nilikupatia.

Ilikuwa Jumapili, nimetoka misa. Ujumbe uliingia kutoka namba yako, na picha yako ileile ya kitenge cha kijani. "Mudogo wangu, uko aje?" Nilijua si wewe, ni mwizi aliyeiteka namba yako. Mkono huu ndio uliotupa udongo juu ya sanduku lako. Lakini hakuna mutu mwingine aliyeniuliza niko aje. Nikajibu: "Niko peke yangu." Tukaandikiana, saa nzima. Mwishoni akasema: "Nimekutumia namba sita kwa makosa, unirudishie." Zilikuwa code ya akaunti yangu ya ujumbe, nami nikazirudisha. Sijui nikueleze nini. Nilitaka tu usiondoke.

Hapo hapo nikafungiwa nje ya akaunti yangu. Sauti zako zote ulizonirekodia mule, hata ile unayocheka huku unakohoa, zilikwenda. Mwizi akaanza kuwaandikia watu waliofuata mafunzo yetu ya sokoni, sasa kwa jina langu. Wawili wakampa namba zao.

Juma zima sikutoka nyumbani. Mimi, mwalimu wa usalama wa telefone!

Mwishowe nilifungua rangi zako. Nikachora mwanamke anayempa mwizi namba, na mwizi amejivika uso wako. Nilichora vibaya, vidole saba kwa mkono mmoja. Nikautundika mchoro huo sokoni, nikasema: "Huyu ni mimi." Hakuna aliyecheka. Mama Masika, yule muuza sombe mwenye sauti kubwa, akasema polepole: "Hata mimi, ndiyo vile walinipata. Kwa jina ya mutoto wangu mwenye alikufa. Nilikuwa naona haya kusema."

Sikujua kwamba alifiwa na mtoto, Yaya. Miaka yote ile tuliyomfundisha, hatukumuuliza. Nilikaa kando yake pale mpaka soko likafungwa.

Nyumbani bado hakuna mutu wa kuongea naye. Lakini Jumamosi Mama Masika atakuja kula bugali kwangu. Ninakuahidi nitamwambia ulikuwa mutu gani, hata nikilia. Naye atanisimulia habari za mutoto wake.

Pumzika, Yaya.

Mudogo wako,
Kavira