Programu Iliyohama Chumba

Jumatatu, 3 Novemba 2014
Barua imefika ofisini kwetu Aston, huku ughaibuni. Kampuni kubwa inadai tumetumia uvumbuzi wao: kusimamisha programu kwenye kompyuta moja na kuiendeleza kwenye nyingine, pale pale ilipoachia. Wana hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya 1997. Jaspreet, bosi wetu, kasema tukishindwa anafunga. Akifunga, viza yangu nayo kwaheri. Wakili anasema dawa ni moja — tuonyeshe kuna mtu aliitoa hadharani mbinu hiyo kabla yao. Nani sasa!

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya ibada, Kings Heath, nikamlilia Mwalimu Otieno. Siku hizi anahudumia wazee kwenye kituo cha kuwatunza. Zamani alifundisha kompyuta chuoni Kisumu. Akacheka. "Hiyo? Si tulikuwa tunaifanya! Stima ikipotea, wanafunzi wanalose kazi yote." Kumbe aliunda mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, iliyojihifadhi kwenye diski kila dakika chache. Giza likiingia, wanabeba diski hadi chumba chenye jenereta, wanaendelea. Maelezo yote akayaweka kwenye kijitabu maktabani, yeyote asome. Peke yake, na mashine kuukuu zile! Na mimi miaka mitatu, kwenye chai ya baada ya ibada, namwomba tu anisogezee sukari.

Jumanne, 11 Novemba
Wakili anataka Mwalimu asaini kwamba kijitabu kilikuwa maktabani 1996. Kakataa. "Ilikuwa kati ya ninety-six na ninety-eight, Kerubo. Siwezi sign kitu sikumbuki." Nikamweleza kuhusu viza. Akanishika mkono, akasikitika kweli — na bado akakataa. Nimekasirika. Na nimemheshimu zaidi. Mtu wa namna hii anaudhi!

Jumamosi, 15 Novemba
Brigid, mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu, ameenda maktaba ile Kisumu. Kijitabu kipo! Ametuma picha ya karatasi ya nyuma, ile ya mihuri ya tarehe za kuazima. Muhuri wa kwanza wino umetapakaa: Februari, tisini na... sita? Nane? Nane ni baada ya hataza, tumekwisha. Jaspreet kwa simu anaapa ni sita. Mimi pia naona sita. Lakini mimi ningeona sita hata pangekuwa patupu.

Niko kwa Mwalimu, Ladywood. Nimempa simu asome mwenyewe; atakachosema yeye ndicho tutakachompa wakili. Amefuta miwani kwa shati. Ameikuza picha. Sasa ameipeleka dirishani, kwenye mwanga —